Tumbaku Anayoikataa Philomena

Kifurushi cha tumbaku kilirushwa nje kikaangukia kwenye theluji, karibu na mbwa. Mbwa hakubweka. Alikinusa tu, akalala tena.

"Mara ya tatu hii!" alisema Dakta Yvonne Whitecalf, amesimama kibarazani. "Mara ya tatu, mzee wangu! Nimekukosea nini?"

Ndani, Philomena alimpa mgongo na kuendelea kukwangua ngozi ya paa.

Yvonne aliokota kifurushi, akausukuma mlango kwa bega, maana bila bega haufunguki. Wakree, wenyeji wa asili wa Kanada, hawaombi maarifa mikono mitupu. Unampa mzee tumbaku. Akiipokea, amekubali kukufundisha. Wazee arobaini walikuwa wameipokea. Ni hao waliomrudishia Yvonne lugha yake, kwani alichukuliwa akiwa na miaka mitano na shule ile ya bweni ya Wazungu, ilaaniwe, akachapwa hadi Kikree kikamtoka. Akajifunza upya ukubwani, akaandika vitabu vitano, akawa profesa. Sasa kamusi yake inaingia mtamboni Ijumaa, na maneno ya kazi ya ngozi anayajua Philomena peke yake.

"Unataka ufe nayo?" Yvonne alifoka. "Wazungu walitukata ndimi, na wewe unawamalizia kazi!"

Mkono wa kikongwe ukasimama juu ya ngozi.

"Hebu rudia."

"Umesikia! Ni uchoyo tu. Nimefuata kila kitu. Tumbaku nimeleta, nimeifunga kitambaa chekundu, nimekuita mzee, nimeinamisha kichwa. Bado nini?"

"Nani alikufundisha hayo?"

"Wazee wa ng'ambo ya ziwa. Wale wenye utu."

"Walikufundisha vizuri. Mgeni ndivyo anavyofanya." Philomena aligeuka. Macho yalikuwa mekundu kwa hasira. "Maneno nitakupa yote, hata sasa hivi. Kaa hapo uandike mpaka kalamu iishe wino. Lakini hiyo takataka itoe nyumbani kwangu!"

"Takataka? Tumbaku?" Yvonne alishindwa kujizuia, akapiga meza ngumi. "Kila mzee anaipokea! Wewe una nini?"

"Mimi nilikuzaa, Yvonne, kwenye kitanda kile pale. Na tangu shule ikurudishe, hujaniita mama hata siku moja."