Kibandiko cha Leseni

Baada ya arobaini, ndugu waligawana nguo za marehemu. Bi Atupele akaachiwa kompyuta ya mumewe, ambayo ilikuwa imeungua. Aliipeleka kwa fundi pamoja na mpya aliyonunua.

"Leseni ya mfumo endeshi ilifungwa kwenye mashine hii iliyokufa, mama," fundi alisema. "Haihamishiki."

"Hata kwa mjane wake?"

"Hata kama mzee mwenyewe angekuwa hai. Nitakuwekea mfumo wa bure, hutanunua leseni."

Bi Atupele alikubali. Kisha akapitisha ukucha chini ya kibandiko cha leseni kwenye mashine ya zamani, kilichofutika nusu kwa viganja vya mumewe, akakibandua taratibu na kukibandika kwenye mashine mpya.

"Hakitasaidia kitu, mama."

"Najua, mwanangu."

Pembe moja ilikuwa ikiinuka. Akaikandamiza kwa kidole gumba, na kidole hakukiondoa.