Jiwe la Chini ya Kiti

Lori lilikuwa bado limeingia nusu kwenye kibanda cha fundi cherehani, na fundi mwenyewe alikuwa amefunikwa kitambaa alichokuwa akikishona.

"Breki ya mkono imekatika ghafla, afande," dereva alisema. "Haki ya Mungu, jana ilikuwa nzima."

Askari alipanda, akainua kiti, akashuka na jiwe lililolainika kama sabuni.

Dereva alilitambua. Kila alipoegesha kwenye mteremko aliliweka jiwe lile nyuma ya tairi. Leo alijiambia anashuka mara moja tu, kununua maji.

Askari aliligeuza. Lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe: BREKI YA MKONO. Siku ya kuliandika, dereva na tajiri wake, mwenye lori, walicheka mpaka mbavu zikawauma.

"Mwandiko wa nani huu?"