Nadharia ya Profesa Kavumbi

Mwalimu Mwaringa alijifungia stoo, akaweka mdomo wa bilauri ukutani, kisha akabandika sikio kwenye kitako chake. Upande wa pili wa ukuta ule ni ofisi ya mwalimu mkuu. Akazuia pumzi.

Mtu asije akamdhania mmbea. Mwaringa hakuwa mmbea hata kidogo, alikuwa mwanasayansi. Asubuhi ile ile ndiyo kwanza ametoka kuwafundisha watoto wa gredi ya nane habari za sauti. "Sauti ni mtetemo," aliwaambia, tumbo mbele, mikono nyuma. "Hewani chembe zimetawanyika, mtetemo unakwenda kwa kusuasua. Kwenye kitu kigumu zimebanana, zinapokezana upesi." Akalaza sikio juu ya meza, akamwamuru Kasiva alaze lake upande wa pili na kuikwaruza meza kwa ukucha. Darasa zima likamwona mwalimu anavyotabasamu kwa raha.

"Mwalimu," akasema Kasiva, "mbona na mimi nimekusikia ukipumua?"

"Hilo haliko kwenye mtihani," akajibu Mwaringa, akafuta ubao.

Basi. Kesho yake ndiyo mahojiano ya kumpata naibu wa mwalimu mkuu, hapo hapo shuleni kwao Magarini, na wagombea ni wawili tu: yeye na Pamela wa hesabu, mwanamke mpole asiyejua hata kujisifu. Mwaringa aliutaka unaibu kufa na kupona. Tena alikuwa amekwisha kujiharibia mwenyewe, maana mwezi mzima alikuwa akiwaambia wakwe zake kwamba kazi ameshapewa, na mkewe, Emily, ameshashonesha nguo ya sherehe. Akiikosa, uso atauweka wapi?

Bilauri ikagonga ukuta kidogo. Kule ofisini maongezi yakakatika. Halafu sauti ya Bi Mastura, mwalimu mkuu, ikaja tena, safi, pole pole, kama mtu anayesomesha imla. Mwaringa akaipongeza fizikia.

"Mzee Baya, kesho mimi namtaka mtu aliyesoma. Atakayemtaja yule mtaalamu, huyo ndiye naibu wangu. Yule, mzee... hebu nikumbushe jina lake."

Mzee Baya, mwenyekiti wa bodi, mkulima wa kule Adu, akaguna. "Kavumbi," akasema.

"Naam, Profesa Kavumbi. Yule wa nadharia ya kuongoza shule kwa utulivu. Ka-vu-mbi."

Mzee Baya akapaliwa na chai, akakohoa mpaka bilauri ikatetemeka. Mwaringa hakungoja zaidi. Alitoka stoo akipiga mluzi, na njiani akanunua mkufu wa kumpelekea Emily.

Jioni akamtafuta Kavumbi kwenye simu. Hayupo. Akamwandika kwa K, akamwandika kwa C, hayupo. Mtu mwingine angeshtuka. Mwaringa alifurahi: kumbe huyu ni msomi wa kweli, si hawa wanaojianika mitandaoni. Na kama hayumo simuni, Pamela atamtolea wapi? Nadharia yenyewe akaitunga kitandani, akaipenda sana, akamwamsha Emily aisikilize.

Asubuhi Pamela ndiye aliyeanza kuitwa. Alipotoka, Mwaringa akamvuta kando.

"Umemtaja Kavumbi, dada?"

"Nani?"

Akamwonea huruma, maskini ya Mungu, akarekebisha tai, akaingia.

Mezani walikuwa Bi Mastura na Mzee Baya. Mwaringa akatoa shikamoo ya adabu, akaitikiwa, akakaa. Bi Mastura akauliza swali jepesi kabisa, kwamba watoto wanaochelewa asubuhi yeye atawafanyaje.

"Suala hilo," akasema Mwaringa, "Profesa Kavumbi alishalimaliza zamani."

Akaishusha nadharia ya utulivu. Akawaambia Kavumbi anataka kiongozi asikimbie, asipige kelele, akae mahali pamoja na kutafakari mambo kwa kuyarudia rudia. Akasema Ulaya nzima sasa inamfuata Kavumbi, ni sisi tu tuliolala. Alizungumza mpaka jasho likamtoka, na kila akitazama anamwona Mzee Baya akitikisa kichwa kukubali, jambo lililomzidishia moto.

Bi Mastura aliinamisha uso, mtandio ukamfunika mdomo. "Kumbe Kavumbi umemsoma, mwalimu."

Hapo ndipo angeweza kusema ndiyo, akanyamaza, akaenda zake. Lakini Mwaringa na kunyamaza wapi na wapi.

"Kumsoma?" Akaegemea kiti, akacheka cheko la wakubwa. "Madamu, mimi na Kavumbi tunajuana. Tulikutana Mombasa kwenye semina, tukala meza moja. Mtu mtaratibu yule, na ndevu zake nyeupe, anasikiliza kuliko anavyosema. Mpaka leo ananipigia simu kuniomba ushauri."

Mzee Baya akaiweka kalamu chini.

"Ndevu umezipatia," akasema. "Ila Kavumbi ni beberu wangu, mwalimu, na tangu nimnunue hajatoka Adu. Kitabu hajaandika hata kimoja. Amekula viwili."