Mzee wa Kitanda cha Pembeni

Uongo ulikuwa umeshamtoka binti kabla hajaufikiria.

"Ndiyo," alisema. "Nimeuguza wodini. Tena sana."

Wasaili watatu waliokaa ng'ambo ya meza wakatikisa vichwa kwa heshima. Kazi yenyewe ilikuwa ya kampuni ya bima: kukaa ofisini, kupokea simu za wateja wanaoumwa na kuwaelekeza waende hospitali gani. Kiti cha kuzunguka, kiyoyozi, na hakuna wa kukutapikia viatu. Tangu amalize chuo cha uuguzi, binti hakuota kingine.

Lakini kila alikobisha hodi alijibiwa vilevile: ukitaka kazi isiyo ya wodini, lete uzoefu wa wodini. Hata duka la vitanda vya hospitali lilitaka muuzaji aliyewahi kukesha kando ya kitanda, "ili amweleze mteja kwa hisia."

Nyumbani nako hakukuwa na wa kumwonea huruma. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alikuwa msimamizi wa stoo ya hospitali, mtu wa mashuka na glovu. Kabla ya hapo, kwa jinsi alivyosimulia mwenyewe, alikuwa jembe la wodini.

"Muuguzi hafundwi na kiti, mwanangu," alikuwa akisema. "Anafundwa na kitanda cha mgonjwa."

"Mama, mimi nikiona damu nasikia kizunguzungu."

"Utazoea. Kila kitu mazoea."

Binti hakubisha. Siku kaka yake alipojikata kidole kwa kisu, baba ndiye aliyemfunga kidonda. Sista alikuwa ameshatoka mbio kwenda kwa majirani kutafuta msaada.

Sasa alikuwa amemwombea binti nafasi kwa metroni. Usaili huu ukigonga mwamba, Jumatatu angeripoti wodi ya upasuaji.

"Hebu tusimulie," alisema mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya kukata shauri. "Mgonjwa mmoja tu ambaye hutamsahau."

Binti akapekua kumbukumbu zake. Mgonjwa wa kusimulia hakuwa naye. Wakati wa mafunzo wodini alikuwa akijibanza nyuma ya wenzake warefu. Basi akamchukua wa mama yake, mzee aliyemsikia tangu utotoni, kila mtoto wa nyumba ile alipothubutu kulalamika.

"Alikuwa mzee wa kitanda cha pembeni," alianza. "Hakuwa na ndugu wa kuja kumwona. Uji hali, mpaka kwanza mimi nionje kijiko kimoja. Alisema amelea wadogo zake sita, na maisha yake yote hajawahi kutangulia kula."

Msaili wa kushoto akaacha kuchezea kalamu.

"Asubuhi moja nikamletea uji. Akausukuma mkono wangu taratibu. Akaniambia, 'Leo kula wewe, mwanangu. Mimi...'" Binti akanyamaza, akaangalia dirishani. "'...mimi nimeshiba.' Nilibaki na kijiko mkononi hadi uji ukapoa."

Mwenyekiti akavua miwani, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Yule wa kulia akajifanya anakohoa ghafla.

"Moyo kama huu," mwenyekiti akasema alipoipata sauti yake, "ni dhambi kuuchosha wodini. Utaanza Jumatatu, kwenye simu."

Binti alifika nyumbani nusu ana furaha, nusu ana aibu. Sista alikuwa sebuleni anakunja nguo.

"Mama, nimepata kazi."

"Alhamdulillahi! Ile ya bima?"

"Ile ile. Lakini nimefanya kitu kibaya." Akakaa chini, karibu na miguu ya mama yake. "Nimemsimulia mzee wako. Nimesema mimi ndiye niliyemlisha, mimi ndiye niliyeshika kijiko. Mama, nimeiba marehemu wa watu. Nisamehe."

Sista aliliweka chini shati alilokuwa akilikunja.

"Walilia?"

"Mwenyekiti alilia. Mwingine alikohoa."

"Pale penye 'mimi nimeshiba'. Ulinyamaza kidogo kabla ya kumalizia?"

"Nilinyamaza."

"Umefanya la maana." Sista akaokota tena shati lake. "Mimi nilipakimbilia. Ndiyo kwanza nimetoka chuoni, naomba ile kazi ya stoo, woga umenijaa. Nusura wanipeleke wodini."