Kazi ya Nambua

Ndege wadogo wa manjano walikuwa wamerudi kutoka kaskazini, na kama kila mwaka walijificha kichakani. Sengondo alishika kamera kwa mikono miwili, akangoja. Kuwaita ilikuwa kazi ya mkewe, Nambua: alizoea kubusu mgongo wa mkono wake kwa mlio mwembamba hadi ndege watokeze kuchungulia.

"Shikamoo baba," alisema mkata majani mmoja akipita. "Mama hakuja leo?"

"Marahaba. Yuko nyumbani," alijibu, wala moyo haukumshtuka.

Huko nyumbani, turubai la msiba wa Nambua lilikuwa limeshushwa jana yake.

Sengondo akaiacha kamera ining'inie kifuani, akaubusu mkono wake mwenyewe. Ndege mmoja akatokeza, kisha wa pili, kisha kichaka kizima kikajaa manjano. Kamera hakuigusa. Aliendelea kubusu.