Kanga na Ulimi Uliowasha

Zamani hizo Kanga alitaga kichakani, na ulimi ukamwasha kama uliopakwa upupu. Akamwendea shoga yake Kobe.

"Shoga, nikwambie nilikotaga, ila usimwambie mtu."

"Basi anza kwa kutoniambia mimi," Kobe akajibu, akarudisha kichwa gambani.

Kanga akaondoka amenuna. Alipogeuka nyuma, akamwona Kenge, mwizi wa mayai, amembana Kobe.

"Shoga yako ametaga wapi?"

"Sijui," Kobe akasema bila kupepesa macho, na Kenge akaenda zake na njaa yake.

Tangu hapo Kanga akafumba mdomo. Mwezi mpya ulipoandama alirudi, vifaranga wakimfuata.

"Shoga, ile siri yangu..."

"Naiona," Kobe akacheka. "Imekuja kwa miguu yake."