Vitanda Vibovu

Muuguzi alipofungua mlango wenye kibao cha "Ushauri Nasaha", tulikuta vitanda vibovu vimerundikwa hadi darini.

"Mshauri alihamishwa, mzee. Mrudi wiki ijayo, huenda akaletwa mwingine."

Mwanangu, fundi pikipiki mwenye ndevu zake, alisimama nyuma yangu akishika pindo la koti langu kama alivyofanya utotoni. Asubuhi hiyo, chai ikipoa mbele yake, aliniambia hataki tena kuishi.

"Binti yangu," nilimwambia muuguzi, "wiki ijayo ni mbali mno kwake."

Nikavua koti, nikamwachia alishike. Nikakamata kitanda cha kwanza na kukiburuta hadi kwenye korido. Kutu ikanichana kiganja.

"Mzee, utavunjika kiuno! Mganga mkuu atanifukuza kazi!"

"Mwite basi, aje ashike upande wa pili."

Watu wa foleni walicheka, kisha wakasogea kunipisha. Nilitoa vitanda mpaka sakafu ikaonekana, nikaweka viti viwili vikitazamana. Mwanangu akakaa kimoja.

Nikamgeukia muuguzi. "Kaa, mama."

Alitazama korido, akamtazama mwanangu. Kisha akaufunga mlango, yeye akiwa ndani.